Paladini wako mpe ngao kwanza

Anayeanza kucheza paladini, yaani shujaa mtakatifu katika Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa kurusha dado, karibu kila mara huuliza upanga gani achukue. Mie humuuliza nani atasimama ubavuni mwake, haiba yake (moja ya sifa zinazopewa namba) ni ngapi, na ngao iko wapi. Upanga tutauzungumza baadaye.

Nasema haya kwa sababu mtoto wa ami yangu ameingia kwenye kundi letu la Dungeons & Dragons. Tunacheza Chake Chake, ukumbini kwa wifi yangu, mkekani, Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Karatasi ya mhusika wake aliyonionesha ilikuwa na upanga mkubwa wa mikono miwili, nguvu amezipandisha mpaka mwisho, na haiba kaiachia 8. "Dada, huyu atapiga khasa," akaniambia. Kupiga atapiga. Lakini paladini ana kazi kubwa zaidi ya kupiga, na mie ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo nilimtolea hesabu.

Sisi tunatumia kanuni za 2014, toleo la 5, kwa sababu hati yake ya msingi ni ya bure. Tangu Januari 2023 imo chini ya leseni ya Creative Commons, mtu yeyote anaweza kuipakua. Yetu tumeichapisha steshenari, kurasa tunazozihitaji tu, zikatiwa pini. Hili lina uzito, kwa kuwa ushauri mwingi wa kwenye video unategemea umahiri wa ziada, uwezo wa hiari anaoongezewa mhusika, ambao haumo katika hati hiyo. Mkuki mrefu unaokupa pigo la pili kwa mpini, upanga mkubwa unaojipunguzia 5 kwenye shabaha (rusho la kumpata adui) ili uongeze 10 kwenye jeraha, yote hayo yamo katika kitabu cha kununua. Katika hati ya bure umahiri wa ziada ni mmoja tu, wa kukamatana mwereka. Ukiviondoa hivyo, ubora wa silaha kubwa unapungua mno.

Basi tuhesabu. Upanga mkubwa hurusha dado mbili za nyuso 6, wastani 7. Ukichukua mtindo wa silaha kubwa, ule unaokuruhusu kurusha tena 1 na 2, wastani unapanda mpaka 8.33. Upanga wa kawaida hurusha dado moja ya nyuso 8, wastani 4.5, na mtindo wa silaha ya mkono mmoja unaongeza 2, jumla 6.5. Tofauti ni 1.83. Na hiyo ni pale tu unapopata shabaha. Paladini wa levo ya 2 mwenye nguvu 16 anaongeza 5 kwenye dado ya nyuso 20: 3 za nguvu hizo na 2 za umahiri wa levo yake. Adui mwenye kinga 13, yaani namba ambayo rusho lazima liifikie, paladini atampata mara 65 kwa 100. Kwa hiyo upanga mkubwa unakuzidishia pointi 1 na kidogo kwa zamu.

Ngao inaongeza 2 kwenye kinga. Ukivaa deraya ya minyororo, ambayo paladini huanza nayo, kinga ni 16; ukishika ngao ni 18. Goblini, zimwi dogo, anaongeza 4 kwenye rusho lake: bila ngao atakupata mara 45 kwa 100, na ngao mara 35. Zimwi kubwa linaongeza 6, nalo likikupata jeraha lake kwa wastani ni 13. Paladini wa levo ya 1 mwenye ustahimilivu 14 ana pointi 12 za uhai. Pigo moja, yuko chini.

Sasa angalia upanga unafanya kazi lini: zamu yako tu. Ngao inafanya kazi kwa kila adui anayekurushia. Wakiwa watatu, inakusaidia mara tatu kabla zamu yako haijarudi. Hapo mtoto wa ami alinyamaza akaichukua kalkuleta ya simu mwenyewe, na nilifurahi, kwa sababu darasani naihangaikia sana siku ya mwanafunzi kuishika hesabu bila kulazimishwa.

Kuna hoja moja huwa naipata: "Lakini paladini ana pigo takatifu!" Ndiyo, na pigo hilo halijali umeshika nini, madhali ni silaha ya mkononi. Ukishampata adui, unatoa nafasi moja ya muujiza ya ngazi ya 1 (katika akiba yako ya kufanyia miujiza), unaongeza dado mbili za nyuso 8, wastani 9. Likiwa shetani au maiti hai, dado zinakuwa tatu. Upanga mkubwa, nyundo, hata rungu, dado hizo ni zile zile. Na kwa kuwa unaamua baada ya kuona umepata shabaha, unaweza kusubiri dado ikuangukie 20, pale dado zote za jeraha zinaporushwa mara mbili. Hapo ndipo nguvu za paladini zilipo, na hazidai mikono miwili. (Kanuni za 2024 zimelibana pigo hili liwe mara moja tu kwa zamu. Ndiyo sababu nyingine ya sisi kubaki na za 2014.)

Haiba nilikuwa naitaka ije hapa. Levo ya 6 paladini anapata duara la ulinzi. Yeye na kila rafiki aliye ndani ya futi 10 wanaongeza nyongeza yake ya haiba kwenye kila rusho la kujinusuru: sumu, moto, hofu, kupooza, yote. Mwenye haiba 16 anawapa wote 3. Mwenye haiba 8 hawapi chochote cha maana, 1 tu, ambayo ndiyo kima cha chini kilichowekwa. Sijaona katika mchezo huu zawadi nyingine inayofanya kazi kila wakati, kwa kila mtu, bila kutumia akiba yoyote. Na ina sharti moja: paladini awe na fahamu zake. Akianguka, duara linazimika, na wenzake wote wanabaki wazi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ngao inayombakisha paladini wima inawalinda watu wanne.

Nitatoa mfano wa mchezo wetu. Kaka yangu ndiye mwendeshaji, anayesimulia mchezo na kuwachezesha maadui, na amechora mapango yake kwa kufuata ngome ya Pujini, yale magofu ya karne ya 15 kusini-mashariki ya Chake ambayo wazee wanayahusisha na Mkama Ndume. Aliyepelekwa huko na skuli anakijua kisima kinachosimuliwa kuwa kiligawanywa ukuta katikati ili wake wawili wasikutane. Kaka alijaza mazimwi wanaokula maiti ndani ya chumba cha chini ya ardhi, na ngazi ya kuteremkia ni nyembamba. Paladini wangu alisimama chini ya ngazi, mchawi wa wifi yangu nyuma yake. Mmoja wao alipenya akamkwaruza mchawi. Kucha zao hupooza mtu, na kujinusuru kunataka 10. Wifi alirusha akapata 6. Nyongeza yake ya ustahimilivu ni 1. Haiba yangu ikaweka 3. Kumi kamili. Zamu iliyofuata aliurusha moto wake. Bila zile 3 angelikuwa ganzi mbele ya mlango, na mie ningelazimika kuacha nafasi yangu nikamvute.

Kwa hiyo karatasi ninayompa anayeanza ni hii. Ukoo: chotara wa binadamu na Elfi (kiumbe wa hekaya), kwa sababu anapata 2 za haiba na 1 katika sehemu mbili azitakazo. Gawa zile namba za kawaida hivi: nguvu 15, haiba 14, ustahimilivu 13, busara 12, wepesi 10, akili 8. Weka nyongeza za ukoo, unapata nguvu 16, haiba 16, ustahimilivu 14. Wepesi usikusumbue, deraya nzito hauuhitaji. Kiapo, yaani njia anayoichagua paladini, kilichomo katika hati ya bure ni kimoja, cha Uaminifu, nacho ni kizuri: kuanzia levo ya 3 unaweza kuitakasa silaha yako kwa dakika moja ukaongeza haiba kwenye shabaha. Haiba tena, mnaona.

Silaha yenyewe? Nyundo ya vita. Upanga, shoka la vita na nyundo vyote hurusha dado ya nyuso 8 kwa mkono mmoja, kwa hiyo chagua kwa aina ya jeraha. Mifupa hai huumia maradufu kwa silaha butu, na paladini hukutana na mifupa mara nyingi kuliko wengine kwa sababu waendeshaji hupenda kumpelekea maiti hai. Kisha chukua mikuki mitano ya kurusha, imo katika orodha ya vifaa vya kuanzia. Paladini mwenye deraya nzito akimuona adui juu ya paa bila mkuki wa kurusha hana la kufanya, na mikuki hiyo inatumia nguvu, siyo wepesi.

Kwenye kompyuta mambo hayako mbali sana na haya. Katika Diablo II ya mwaka 2000, paladini mashuhuri wa nyundo zilizobarikiwa anaua kwa nyundo za miujiza zinazozunguka, na jeraha lake halitokani na silaha aliyoishika. Kwa hiyo mkononi anashika kile kinachompandishia ujuzi, na mkono wa pili ngao. Baldur's Gate 3 ya 2023 inafuata kanuni za toleo la 5 kwa karibu, ila umahiri wa ziada umo, na hapo upanga mkubwa unapata hoja yenye nguvu zaidi.

Upanga mkubwa nao una siku yake. Kundi likiwa tayari na mpiganaji mwenye ngao anayeziba njia, na mganga anayejitosheleza, paladini wa mikono miwili anafaa, nami sitamkataza mtu. Kundi letu halina huyo. Lina mchawi, mwizi na mpiga mishale. Mbele yao yuko paladini peke yake.

Kuhusu dhahabu, mpangilio wangu ni huu. Ngao ni dhahabu 10, nyundo 15, kwa hiyo hayo yanaisha mapema. Akiba ya kwanza iende kwenye deraya ya vipande, dhahabu 200, kinga 17. Wengi hunishauri niisubiri deraya kamili ya 1,500 yenye kinga 18, wakisema hiyo ya kati ni hasara. Ukiiuza ya kati utarudishiwa nusu, yaani utapoteza 100. Kwa dhahabu 100 unapata kinga moja zaidi kwa levo zote hizo za katikati unapokuwa dhaifu, na ukiongeza ngao ni 19. Goblini yule yule sasa anakupata mara 30 kwa 100. Nunua. Tena hakikisha nguvu zako ni 15 au zaidi, la sivyo deraya hizo zote mbili zitakupunguzia futi 10 za mwendo, na paladini aliyeachwa nyuma duara lake halimfikii mtu.