Nilivyojifunza kuogelea nikiwa mtu mzima katika kambi ya vijana Kigamboni

Wakazi wengi wa Dar es Salaam tunaishi kando ya bahari bila kuwahi kuiingia zaidi ya magoti. Tunavuka kwa pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni asubuhi na jioni, tunakwenda Coco Beach Jumapili kula mihogo na kupunga upepo, tunapanda boti kwenda Unguja, na bado ukimuuliza mtu mzima wa Tabata, Mbagala au Kimara kama anaweza kujiokoa akitumbukia majini, mara nyingi atakujibu kwamba hawezi. Nilikuwa mmoja wao hadi nilipovuka umri wa miaka thelathini, na naandika haya kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba wakati wa kujifunza umeshawapita.

Nilikulia Dodoma, ambako maji mengi kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ya lambo la kunyweshea mifugo, nasi watoto tulikatazwa hata kulikaribia. Nilihamia Dar es Salaam kikazi nikiwa na hofu iliyokwisha kukomaa, na hofu hiyo ilikuwa imelishwa na habari ambazo kila Mtanzania wa rika langu amezisikia: kuzama kwa MV Bukoba karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, MV Spice Islander I iliyokuwa ikielekea Pemba Septemba 2011, na MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018. Natambua kwamba katika ajali za aina hiyo kujua kuogelea hakumwokoi kila mtu, hasa aliyenaswa ndani ya chombo kilichopinduka. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na vingi vya vifo vya namna hiyo havitokei kwenye meli bali mtoni, bwawani, kisimani au ufukweni, mita chache tu kutoka mahali ambapo mtu angeweza kusimama.

Vijana wa usharika wetu huwa na kambi kila mwaka, na mwaka ule mwenyekiti alipendekeza kwamba mbali na mafundisho na mazoezi ya kwaya kuwe na kipindi cha kuogelea. Wapo wazee wa baraza waliosita, na sikuwalaumu, kwa sababu habari za vijana waliokwenda ufukweni kufurahi wakarudi pungufu si ngeni katika jiji hili. Mchungaji alikubali kwa masharti: majina yasomwe kabla ya kuingia majini na baada ya kutoka, asiyejua kuelea asipite kina cha kiuno, na jaketi okozi ziwepo za kutosha mchangani. Mama mchungaji akaongeza sharti lake, kwamba wanawake wapewe saa yao peke yao. Sharti hilo ndilo lililoniwezesha mimi na wenzangu wengi kushiriki, kwa kuwa mtu mzima anayejifunza jambo la mwili anahitaji kwanza kuondolewa macho ya watazamaji.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mwenzetu aliyezaliwa Mafia na aliyewahi kufanya kazi ya uokoaji kwenye hoteli ya ufukweni. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kadhaa na nje ya maji aliniita dada, lakini tukishaingia majini sote tulimwita mwalimu na kumsikiliza. Jambo la kwanza alilotuambia lilinishangaza: katika kipindi kile hakuna atakayeogelea. Tutajifunza kupumua.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, na ningependa nikae hapo kidogo. Mtu mzima akiwekewa maji usoni huziba pumzi, na akiziba pumzi huanza kuhisi anakufa ndani ya sekunde chache, ilhali oksijeni mwilini mwake bado inatosha. Kinachomtesa ni kaboni dayoksaidi inayorundikana kwenye damu, maana hiyo ndiyo inayouamuru ubongo udai pumzi mpya. Akiinua uso hulazimika kutoa hewa yote ya zamani na kuvuta mpya katika kipindi kifupi mno, hashibi, na baada ya kurudia hivyo mara chache huwa amechoka kabisa hata kama ana nguvu za kubeba gunia la mahindi. Dawa yake ni kutoa pumzi ndani ya maji, taratibu na bila kukoma, ili uso ukitoka juu kazi iwe moja tu ya kuvuta.

Tulichuchumaa katika maji ya kifuani, tukashikana mikono wawili wawili, tukazamisha midomo, kisha pua, kisha uso mzima, tukitoa hewa puani huku viputo vikipanda mashavuni. Maji hayawezi kuingia puani wakati hewa inatoka, na nilipolithibitisha hilo kwa mwili wangu sehemu kubwa ya hofu iliniachia. Mwenzangu wa kushikana naye, mama wa watoto watatu, alikuwa akinibana vidole kila alipozama, na kadiri zoezi lilivyoendelea mbano ule ulilegea mpaka akawa ananigusa tu. Hatukuhama kutoka hatua hiyo hadi kila mmoja alipoweza kuzama na kuibuka mfululizo bila kujipangusa uso kwa kiganja. Mwalimu alikuwa mkali juu ya kujipangusa, kwa sababu anayehitaji mikono yake usoni hataweza kuitumia kuogelea.

Hatua ya pili ilikuwa kuelea chali. Mwili wa binadamu ukiwa na mapafu yaliyojaa hewa ni mwepesi kidogo kuliko maji ya bahari, ambayo hubeba takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na kwa hiyo bahari yenyewe iko upande wa anayejifunza kuliko bwawa la hotelini. Kinachoharibu ni kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo tano, na mwili uliolala juu ya maji hufanya kazi kama ubao wa bembea: ukikiinua ili uone miguu yako, miguu huzama, kiuno hufuata, na unajikuta umekaa badala ya kulala. Masikio ni lazima yazame na kidevu kielekee juu. Mwalimu aliweka kiganja kimoja tu chini ya shingo yangu na kuniambia, “Dada, tazama juu, jaza kifua, usinitafute mimi.” Masikio yalipozama nilisikia mchanga ukisuguana chini na mlio wa injini ya boti iliyokuwa mbali mno, na ilichukua muda kabla sijatambua kwamba kiganja kilikuwa kimeshaondolewa.

Kuna jambo moja ambalo nadhani linapaswa kufundishwa kabla hata ya kuelea, na mara nyingi halifundishwi: namna ya kusimama tena. Wengi wetu hatukuogopa kulala juu ya maji, bali tuliogopa kwamba tukishalala hatutaweza kurudi kwenye miguu yetu, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya mtu atapatape katika maji ya kiunoni. Ukiwa chali unakunja magoti kuelekea kifuani, unaleta kidevu mbele, unasukuma maji kwa viganja viwili kutoka nyuma kuja mbele, na miguu inashuka chini ya kiwiliwili kwa utulivu. Ukiwa kifudifudi unakunja magoti vilevile, unabonyeza maji chini kwa mikono, na kichwa ndicho kinachoinuka mwisho. Tulilirudia zoezi hilo mpaka likawa la kawaida. Ningekuwa na mamlaka ya kupanga masomo haya popote, ningeanza nalo.

Kwa kupiga miguu tulitumia madumu matupu ya mafuta ya kula yaliyofungwa vizibo barabara. Dumu la lita tano lenye hewa tupu huweza kubeba karibu kilo tano ndani ya maji, kiasi kinachotosha kushikilia kifua cha mtu aliyelala kifudifudi, na halina gharama. Lakini dumu si chombo cha uokozi. Likiponyoka mkononi hupeperushwa na upepo upesi kuliko mtu anavyoweza kulifuata, kwa hiyo tulilitumia mahali pa kusimama tu, tukielekea nchi kavu. Nguvu ya teke hutoka kwenye nyonga, goti hukunjika kidogo na kifundo cha mguu huachwa kilegee. Sisi tuliozoea kutembea na kusimama kutwa tuna vifundo vigumu, na mwanzoni tulipiga maji mengi bila kusogea.

Mikono sitaisimulia kwa kirefu, maana mtu akishapumua na kuelea, mikono hujipanga yenyewe ikisahihishwa mara kwa mara.

Juu ya mavazi, nawaandikia wanawake hasa. Khanga haifai kabisa majini, kwa kuwa hujifunga miguuni, na dera likilowa huwa zito kiasi cha kumvuta mvaaji chini. Tulivaa taiti na fulana za kubana zisizo za pamba, na dada waliotaka kufunika nywele walivaa kofia za kuogelea. Heshima ilitunzwa na hakuna aliyekwamishwa na nguo.

Sehemu iliyobaki ya elimu yangu ilitoka kwa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu karibu na kambi. Nilimwamkia, akaitikia, na nikamuuliza kwa nini mwalimu alibadilisha saa ya kuingia majini kila siku. “Binti yangu,” alisema, “bahari haifuati saa yako ya mkononi.” Akanieleza kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, kwamba kutoka kupwa hadi kujaa ni zaidi kidogo ya saa sita, na kwamba kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika hamsini. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa katika pwani ya Dar es Salaam huzidi mita tatu. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hupungua hadi mita moja hivi. Tena maji hayapandi kwa mwendo mmoja, bali hupanda polepole mwanzoni na mwishoni, na kwa kasi katika saa za katikati.

Maelezo hayo yalinifungua macho kuhusu ajali nyingi za ufukweni. Mtu hutembea mbali maji yakiwa yamekupwa, husimama juu ya fungu la mchanga na kucheza mpira na wenzake, na katika saa moja ya bamvua maji yaliyokuwa ya gotini humfikia kifuani, huku kati yake na nchi kavu kukiwa na bonde lililojaa kimyakimya. Maji yanapokupwa nayo hutoka kwa nguvu kupitia kwenye milango ya miamba, na mkondo wa namna hiyo haushindwi kwa kuukabili uso kwa uso. Mwalimu alitufundisha kwamba mtu aliyechukuliwa na mkondo alale chali apumzike, ainue mkono mmoja kuomba msaada, kisha aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mkondo, ndipo ageukie nchi kavu. Sisi tuliingia majini yakiwa yanajaa na yamekaribia kikomo, wakati yanapomsukuma mtu kurudi, na tulitoka kabla hayajaanza kugeuka. Kambi ilikuwa mwishoni mwa Septemba, upepo wa kusi ukiwa umelegea na mawimbi yakiwa madogo.

Nilitoka kambini nikiweza kuelea na kusogea umbali mfupi. Yaliyobaki niliyakamilisha kwenye bwawa mjini baada ya kazi, hadi nilipoweza kuogelea mita hamsini bila kusimama. Bwawa lilinipa maji yaliyotulia na mstari wa kufuata chini, lakini nililazimika kuzoea kwamba miguu yangu ilizama zaidi katika maji yasiyo na chumvi.

Miezi kadhaa baadaye kikundi chetu kilikwenda Mbudya kwa boti kutoka Kunduchi. Kisiwa hicho ni sehemu ya hifadhi ya bahari na maji yake ni maangavu, kiasi kwamba nilikiona kivuli changu kikitembea juu ya mchanga wa chini. Niliogelea sambamba na ufukwe nikiwa nimevaa miwani, mwalimu akiwa upande wa nje na mimi upande wa nchi kavu, na nilipochoka nilijigeuza chali nikapumzika, kisha nikaendelea. Kwa mtu aliyekuwa akishikilia chuma cha pantoni kwa mikono miwili kila alipovuka, furaha ile ilikuwa kubwa, na nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Bado sijamudu vizuri kukaa wima mahali pasipo na sakafu, na naendelea kulifanyia mazoezi. Kambi ijayo tumeipangia wiki ya maji mafu, na baraza limekubali kwamba saa ya wanawake isimamiwe na wanawake wawili wa usharika, mwalimu akibaki na jukumu la uokoaji. Mimi ni mmoja wa hao wawili, na nimeomba siku ya kwanza yote itumike kupumua na kusimama.