Siku Niliyovuta Kokoro

Mwezi Agosti 1987 nilikuwa na umri wa miaka 17, tena katibu wa kwaya ya vijana katika kanisa letu dogo huko Majita, kando ya Ziwa Victoria, na katika mfuko wa shati nilikuwa na karatasi ya hoja za kutaka msichana mmoja wa sauti ya pili, aliyekuwa amepata ujauzito, atengwe. Andiko nililolitegemea lilikuwa mfano wa juya, yaani wavu wa kukokota samaki, katika Mathayo 13, hasa mstari wa 49, ambapo malaika wanawatenga waovu mbali na wenye haki. Kwa kuwa kanisani kwetu kuadhibiwa kuliitwa kutengwa, niliona mstari ule umeandikwa kwa ajili ya kikao chetu cha Jumapili.

Ijumaa alfajiri baba mdogo aliniamsha, maana mvutaji wake mmoja alishikwa na homa. Juya kwetu ni kokoro, ingawa hadi siku ile sikuwa nimeyaunganisha maneno hayo mawili. Juya lilikuwa la kwenye Biblia, kokoro la kwenye matope. Mtumbwi uliupeleka wavu mbali, ukazunguka nao kama nusu mwezi, ukarudisha kamba ya pili ufukoni, nasi tukaanza kuvuta, watu sita kila upande, tukirudi kinyumenyume huku kamba imetupita kiunoni. (Siku hizi kokoro limepigwa marufuku, kwa sababu halibagui: linazoa hata vifaranga na kuharibu mazalia.)

Wavu ulipokaribia, maji yakiwa magotini, niliona fungu la majani na samaki wawili wa aina ya gogogo wamenasa mbele yangu, nikaachia kamba ili niwatoe. Baba mdogo alinikemea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Wewe! Nani kakwambia uchague? Vuta! Ukiinama hapo wavu unanyanyuka chini, wanatoka wote, na hao wazuri wako."

Nilivuta. Tumbo la wavu lilipofika mchangani ndipo wanaume walipokaa chini, miguu imenyooshwa, wakaanza kubagua bila haraka: sato na sangara kwenye tenga, furu kwa watoto waliokuwa wakisubiri na masufuria, majani na konokono pembeni. Nikakumbuka neno ambalo macho yangu yalikuwa yakiliruka kila nilipousoma mfano ule: baada ya kulivuta juya pwani, wavuvi "wakaketi." Kazi ya kuvuta ni moja na kazi ya kubagua ni nyingine, zina wakati tofauti, na kwa mujibu wa Yesu mwenyewe zina watu tofauti, kwa sababu hiyo ya pili amewapa malaika. Mimi nilikuwa nimeikabidhi kwa katibu wa kwaya.

Mnunuzi wetu alikuwa Msabato, na alipomkuta mumi (kambale) mkubwa ndani ya tenga alimsukuma nje kwa kijiti, kwa kuwa hana magamba, kama inavyoamriwa katika Mambo ya Walawi 11. Baba mdogo alicheka, akamwokota kwa ajili ya chakula chake cha usiku. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Bahari ya Galilaya nayo ina kambale wa aina ileile ya mumi wetu, hivyo wanafunzi wa Yesu, wakiwa Wayahudi, huenda walipousikia mfano ule walimfikiria yeye kati ya wale waliotupwa. Sitaki kulivuta jambo hilo kupita kiasi, maana mfano hausemi kwamba malaika wanakosea; ila asubuhi ile niliwaona watu wawili, kila mmoja na dhamiri safi, wakimhukumu samaki mmoja kwa namna mbili.

Jumapili mwenyekiti aliponiuliza kama katibu ana hoja, nilisoma kumbukumbu za kikao kilichopita, nikakaa. Wenzangu walizungumza kwa kirefu na msichana yule alitengwa miezi sita. Pasaka ya 1988 aliimba tena, sauti ya pili, mtoto akiwa mgongoni.