Faili ya CAD iko kwako, ufunguo uko kwa nani?

Mwaka 2020 Autodesk ilibana leseni ya bure ya Fusion 360, programu yake ya CAD (kuchora vipande kwa kompyuta) inayohifadhi kazi kwenye wingu: michoro inayoharirika ikawa 10 kwa wakati mmoja, na kutoa faili za IGES na SAT, zinazosomwa na programu nyingine, kukaondolewa. STEP nayo ilitajwa kwenye orodha ya kuondolewa, ila ikaruhusiwa kubaki baada ya watumiaji kupiga kelele. Njia rahisi ya kushusha kazi yako ni F3D, faili ya Fusion yenyewe.

F3D ni nzuri, kwani inabeba skechi, vipimo na mfuatano wote wa hatua. Ila huwezi kuihariri bila Fusion, na Fusion haifunguki bila akaunti. Itunze, lakini usiihesabu kuwa nakala yako pekee.

Ya pili iwe STEP, yaani ISO 10303, inayosomwa na karibu kila programu ya CAD. Ukiulizwa aina, chagua AP242 au AP214. Toleo la kwanza la AP203 halibebi rangi. STEP hupoteza historia: tundu la milimita 6 linabaki tundu, lakini skechi ya kurudia na kuandika 6.5 haipo tena. Ndiyo maana kando yake huwekwa jedwali la parameta (vipimo vyenye majina) katika CSV, na PDF ya mchoro wenye vipimo na ustahimilivu, yaani kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kukosea. Siku ya kuchora upya, hivyo viwili ndivyo vitakavyokuokoa.

STL ni ya kuchapia kwa printa ya 3D, si ya kuhifadhia. Ni pembetatu tupu, duara linageuka pande nyingi, na faili yenyewe haisemi kama ni inchi au milimita. Kipande cha inchi 4 kikisomwa kwa milimita kinatokea na urefu wa 4 badala ya 101.6.

Sasa sehemu inayorukwa na wengi: kukagua. Fungua STEP kwa kihariri cha maandishi. Mstari wa kwanza usomeke ISO-10303-21. Na wa mwisho END-ISO-10303-21. Ukikosa huo wa mwisho, faili imekatika njiani. Kisha ifungue kwenye FreeCAD, programu ya bure ya CAD, ulinganishe ujazo. Kule Fusion ikisema 48,210 mm³ na huku ukapata 48,209.8, sawa. Ukipata tofauti kubwa, au solidi (umbo lililojaa) imeingia kama ganda lenye upenyo, kuna uso ulioharibika. Aghalabu ni pale mviringo mdogo wa kingo unapokutana na mwingine kwenye kona. Uzime mviringo huo, toa faili upya, na uandike kwenye PDF kwamba umeuondoa.

Mkusanyiko wenye vipande vilivyounganishwa kutoka faili nyingine hutoka kwenye Fusion kama F3Z, kifurushi cha faili hizo zote. Toa STEP ya mkusanyiko mzima, halafu ya kila kipande cha aina yake. Skrubu 24 zinazofanana zinahitaji faili moja tu.

Fanya haya kila toleo linapokwenda kukatwa au kuchapwa, si mwisho wa mwezi. Folda iitwe, tuseme, bano-mota_v07, na ikishafungwa isiguswe. Na folda inayojisawazisha na wingu si nakala: ukifuta kule, huku nako kunafutika. Nakili kwenye diski ya nje, uichomoe, na diski nyingine ikae jengo tofauti. Andika sha256 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili) ya kila faili ndani ya folda hiyohiyo, ili mwakani ujue kama kuna baiti iliyobadilika.