Kununua farasi wako wa kwanza Unguja: tazama jasho kabla ya rangi

Wengi wanaoanza kupanda farasi huangalia rangi, kisha urefu wa shingo, kisha bei. Kwa jekejeke la Februari hapa kwetu, cha kuangaliwa mwanzo ni jasho.

Farasi hupoza mwili wake kwa jasho, kama sisi. Akitolewa kwenye baridi ya Arusha na kuletwa pwani, kuna wengine ambao baada ya muda huacha kutoka jasho, au hubakia kulowa kidogo tu chini ya manyoya ya shingo na pale linapokaa tandiko. Hali hiyo haina dawa ya uhakika. Kinachomsaidia ni kurudishwa kwenye baridi, na wewe utakuwa umeshalipa pesa. Kwa hiyo usikubali kuoneshwa farasi saa 12 asubuhi, upepo ukiwa bado mzuri. Nenda saa 10 alasiri. Mwache aende matiti, yaani mbio za taratibu, kwa dakika 10 hivi, kisha mpapase kifuani na ubavuni. Kiganja kirudi kimelowa. Akiwa mkavu huku pua zimetanuka na anahema, asiendelee kupandwa: mpelekeni kivulini na mmwagieni maji. Baada ya nusu saa hesabu pumzi kwa kutazama ubavu unavyopanda na kushuka. Farasi aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, na kwa joto letu huweza kuzidi kidogo. Akiwa bado yuko 40, huyo mwache, hata akiwa mzuri vipi. Bora utafute aliyekwisha kukaa pwani kaskazi moja nzima.

Jambo la pili ni mchanga. Farasi anayetupiwa majani chini karibu na ufukwe humeza mchanga kila siku, nao hujikusanya tumboni mpaka ukamletea msokoto unaoweza kumuua. Chukua konzi mbili za mavi mabichi, zile za juu zisizogusa ardhi, utie kwenye mfuko mweupe unaoonesha ndani pamoja na lita moja ya maji. Vuruga, ning'iniza, subiri dakika 15, kisha tomasa pembe ya chini. Mchanga ukifika kijiko cha chai, tumbo lina mzigo. Ukiwa haupo bado si hakikisho, maana mchanga huweza kulala tumboni bila ya kutoka. Ndiyo maana chombo cha kulia ni muhimu kuliko kipimo chenyewe: majani yawekwe kwenye beseni pana au juu ya sakafu ya saruji.

Umri usiwe chini ya miaka 8. Baina ya 10 na 15 ni bora zaidi kwa asiyejua. Wa miaka 3 anahitaji kufunzwa, na wewe pia unahitaji kufunzwa. Usitegemee maneno ya muuzaji, mfunue mdomo. Kwenye jino la mbele la pembeni kabisa, safu ya juu, mfereji mdogo huanza kuonekana kwenye ufizi karibu na miaka 10, hufika nusu ya jino karibu na 15. Ni makisio, lakini hupunguza uongo mwingi. Dume asiyehasiwa si wa mwanafunzi.

Uzito hupimwa kwa kamba. Futi ya fundi cherehani huishia sentimita 150, kwa hiyo zungusha kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha ndiyo uipime. Pima tena kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, ugawe kwa 11,880. Kifua cha 165 na urefu wa 155 hutoa kilo 355. Asibebe zaidi ya humusi moja (sehemu moja kati ya tano) ya uzito wake, yaani kilo 71. Tandiko likiwa na kilo 10, mpandaji asizidi 61.

Siku ya majaribio farasi asikutwe ameshafungwa tandiko. Akamatwe, asafishwe kwato na atandikwe mbele yako. Mwenye farasi apande kwanza. Mpitisheni karibu na bodaboda, na kama ni Paje, karibu na vile vishada vya wageni baharini. Akienda matiti kwenye ardhi ngumu tazama kichwa: kikipanda kila mguu mmoja wa mbele unapogusa chini, mguu huo unauma.

Unguja ilisafishwa mbung'o katika miaka ya 1990, lakini bara bado wapo. Aliyetoka huko apimwe damu kwa nagana, maradhi yanayoenezwa na mbung'o, khasa akiwa amekonda, ufizi mweupe na amevimba chini ya tumbo.

Na kabla ya kulipa, mjue kwa jina mtu atakayemkata kwato kila wiki 6 hadi 8. Kwenye ardhi ya uwanda, yenye mawe, kwato iliyoachwa ndefu hupasukia kwenye jiwe.