Nilivyowaeleza Wanafunzi wa Tanga Jinsi Bandari ya Heimaey Ilivyookolewa

Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari jijini Tanga, na kwa muda mrefu somo la volkano lilinisumbua, kwa kuwa wanafunzi walikariri vizuri sehemu zote za mlima lakini waliamini kwamba lava ikishaanza kutiririka, binadamu hana la kufanya isipokuwa kukimbia. Niliona ni dhuluma kuwaachia imani hiyo watoto waliokulia kando ya bandari.

Nikawasimulia habari za kisiwa cha Heimaey, nchini Iceland, ambako usiku wa kuamkia tarehe 23 Januari 1973 ardhi ilipasuka pembezoni mwa mji. Wakazi wapatao 5,300 karibu wote walivushwa salama, kwa kuwa dhoruba ya siku iliyotangulia ilikuwa imezifungia mashua za uvuvi bandarini. Mamia ya nyumba ziliangamia, na lava ikaendelea kujongea kuelekea lango la bandari.

“Mwalimu, lango likiziba, si kisiwa kizima kimekwisha?” aliuliza kijana ambaye baba yake ni mvuvi. Ndilo swali nililokuwa nikilingojea.

Niliyeyusha vipande vya mishumaa ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji yanayochemka, nikaimimina nta polepole juu ya ubao ulioinamishwa, huku mwanafunzi mmoja akiidondoshea ncha yake maji ya bahari kwa bomba la sindano. Ncha iliganda ikawa nyeupe, na nta iliyofuata ikakwama, ikavimba na kurundikana nyuma ya gamba hilo. Hapo walielewa kwamba kule Heimaey maji yaliyomwagwa juu ya lava hayakuizima volkano, bali yaliifanya lava ijijengee ukuta wa kujizuia yenyewe. Takribani mita za ujazo milioni 6 za maji ya bahari zilisukumwa kwa pampu, na mlipuko ulipokoma mapema mwezi Julai, bandari ilibaki wazi, tena ikiwa na kinga bora zaidi dhidi ya mawimbi.

Binti mmoja akauliza kwa nini Goma, mji wa mashariki mwa Kongo uliovamiwa na lava mwaka 2002, haukuokolewa vivyo hivyo. Nilimjibu kwamba lava ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji huo, ni nyepesi mno, hutiririka kwa kasi, na iliingia mjini ndani ya saa chache tu. Kisha nikauinua ubao zaidi na kumimina nta ikiwa moto zaidi: ilifika mezani kabla mwenye bomba hajalijaza tena.