Kitufe cha kelele

Kila nikisikia kwamba sayansi imethibitisha gemu za vita huzaa watu wakatili, mawazo yangu hurudi pale pale: walipima nini hasa? Vurugu za kweli, za ngumi na visu, haziwezi kupimwa maabara, kwa hiyo mara nyingi kinachopimwa ni kelele.

Mshiriki akimaliza kucheza, huvalishwa visikizio na kuambiwa ashindane na mtu wa chumba cha pili kubofya kitufe haraka. Anayeshindwa raundi hupigiwa mlio mkali masikioni, na kila mmoja huchagua mapema mlio wa mwenzake uwe na nguvu kiasi gani na udumu muda gani. Kwa kawaida huyo mpinzani hayupo kabisa, ni kompyuta. Mwaka 2000, watafiti Craig Anderson na Karen Dill waliwapa wanafunzi Wolfenstein 3D, ya kufyatua risasi, au Myst, ya mafumbo. Waliocheza ya risasi walirefusha mlio zaidi baada ya kushindwa raundi.

Hapa ndipo shaka yangu inapoanzia. Mtafiti anaweza kuhesabu nguvu ya sauti peke yake, muda peke yake, akavizidisha, au akachukua raundi ya kwanza tu na kuziacha nyingine. Mtafiti Malte Elson alikusanya tafiti zilizotumia kipimo hiki, akakuta njia za kukokotoa zinapita 150. Kwa uhuru wa namna hiyo, data ile ile inaweza kusema ndiyo na hapana. Dawa yake ni kutangaza njia ya hesabu kabla ya kukusanya data. Andrew Przybylski na Netta Weinstein walifanya hivyo mwaka 2019 kwa vijana 1,004 wa Uingereza wenye miaka 14 na 15. Ukali wa gemu waliutoa kwenye alama rasmi za umri, tabia wakawauliza wazazi. Uhusiano haukuonekana.

Sisemi hakuna kitu kabisa. Uchambuzi wa 2018 uliounganisha tafiti 24, zenye washiriki zaidi ya 17,000 waliofuatiliwa kwa muda, ulipata uhusiano wa takriban 0.08 kati ya gemu za vita na ukali (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili) baada ya kuzingatia mambo mengine. Ukiizidisha hiyo kwa yenyewe unapata 0.0064: haifiki hata asilimia moja ya tofauti za ukali kati ya mtu na mtu. Mtoto anayepigwa nyumbani anastahili tumuulize hayo kwanza, kabla ya kumkagua gemu zake, na inaniuma tunapoanzia kwenye gemu.

Hasira ya papo kwa papo ipo, tena naiamini. Lakini jaribio la 2014 lilionyesha kwamba vitufe vigumu kuvizoea huamsha ukali hata kwenye gemu isiyo na tone la damu. Kwa hiyo kijana akiibamiza pedi mezani, tazama skrini kabla ya kuizima: amefungwa mara ngapi mfululizo, mtandao umekwama, au amekatizwa raundi ikiwa imebaki dakika mbili?