Mwenye Mdomo Akishika Fimbo

Usiku anaocheza pool kibandani kwangu yule jamaa mkorofi wa tuktuk, kisanduku cha sarafu cha meza yangu huwa chepesi. Watu hujaa mpaka barabarani, chai inakwisha, mahamri yanakwisha, lakini meza haili kitu, maana gemu moja yeye aweza kuibishania robo saa. Mpira mweupe umegusa, haukugusa. Fulani amekohoa makusudi wakati analenga. Nani kawasha pikipiki hapo nje? Na hakuna anayeondoka.

Pesa yangu huja kesho yake. Vijana wa Maweni na Barani wanafika mapema kujaribu lile pigo lake la kugongesha kingo mbili za meza kabla mpira haujazama shimo la kati. Wanakosa, wanatia shilingi 20 nyingine, wanakosa tena. Ndiyo maana nikisikia watu wakibishana kama wachezaji wakorofi wanaukuza mchezo wa pool au wanauharibu, mimi hujibu kama mwenye meza: subiri siku ya pili, kisha hesabu.

Msimu wa kusi, bahari ikichafuka na wavuvi wakishinda mjini, tunawasha televisheni kibandani na kutazama mechi za zamani. Anayegawa baraza kuliko wote ni Earl Strickland, Mmarekani wa North Carolina. Bingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa mwaka 1990, 1991 na 2002, na US Open, mashindano makubwa ya Marekani, ameichukua mara tano. Sasa huo mdomo wake! Anazozana na refa, anajibizana na watazamaji, akikosa lazima awepo wa kulaumiwa. Fainali ya 2002 kule Cardiff alikutana na Mfilipino Francisco Bustamante, ambaye mashindano yakiendelea alifiwa na bintiye mchanga, na bado akacheza. Strickland akashinda gemu 17 kwa 15. Hapa kwangu sijapata kuona mtu akimshangilia Strickland kwenye mechi hiyo, na ndiyo mechi wanayoniomba niirudie.

Lakini msiusifu ukorofi bila kutazama aliyesimama upande wa pili. Mwaka 1996, Hong Kong, Strickland huyohuyo alicheza na Mfilipino Efren Reyes, wa kwanza kufika gemu 120 achukue kitita cha dola 100,000. Reyes akashinda 120 kwa 117. Reyes ni mpole, anatabasamu, akikosa hujikuna kichwa. Ukiwaweka wawili hao mezani hata asiyejua sheria atajua ashike upande gani. Jamaa wa tuktuk akicheza na mwenye mdomo mwenzake, watu huchoka, wanarudi kwenye simu zao. Akicheza na muuza kahawa wetu, mzee asiyefungua kinywa ila kusema "bismillahi" kabla ya pigo la kwanza la kutawanya mipira, hapo sina pa kuwaweka.

Wamarekani waliliona hili zamani. Mwaka 1978 televisheni yao ilimkutanisha bingwa wa pool Willie Mosconi, aliyevaa nadhifu na kutaka mchezo uheshimiwe, na Rudolf Wanderone, mnene aliyejiita Minnesota Fats na kuongea bila kituo. Mosconi alishinda. Kinachonichekesha ni kwamba lile kombe la pool la Marekani dhidi ya Ulaya lililoanza 1994 limepewa jina la Mosconi, mtu wa adabu zake, na leo linajulikana kwa mashabiki wanaopiga kelele hadi mchezaji asijisikie akivuta pumzi.

Gharama yake ipo, siifichi. Mjini hapa pool bado inaitwa mchezo wa wahuni, na kila jamaa akitukana, mama mmoja jirani anakaribia zaidi kumkataza mwanawe asipite mbele ya kibanda changu. Mwezi wa Ramadhani uliopita, baada ya tarawehe, alikuja mwenyewe. "Ami, huyu mtu wako ana kipaji, lakini ulimi wake ukome mlangoni kwangu." Sikuwa na la kumjibu. Kijana wake, kwa taarifa yenu, ndiye aliyelipata lile pigo la kingo mbili kabla ya wenzake wote.

Basi nimemwekea jamaa masharti: kelele ruhusa, tusi la mama hapana, dau la pesa hapana, na akichapa fimbo mezani atalipia kitambaa. Kitambaa naagiza Mombasa, na kwa unyevu huu wa chumvi chenyewe hakidumu. Amekubali, huku akilalamika. Ijumaa anacheza na muuza kahawa. Mje na viti vyenu.